Mwani, Nyasi Bahari na Chimbuko la Mimea ya Nchi Kavu: Nasaba ya Kijani katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi mimea ya nchi kavu ilivyochipuka kutoka katika mwani wa kijani, na inatumia pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kama mahali pa kuifafanulia historia hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba mwani wa kijani unaoonekana kwenye miamba ya Palma si mzazi wa mimea ya nchi kavu. Ndugu wa karibu wa mimea hiyo wanaishi katika maji baridi na udongo wenye unyevu, ilhali nyasi bahari na mikoko ni wazao wa mimea ya nchi kavu waliorejea baharini. Tofauti hiyo ya nasaba ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya viumbe vya kijani hujenga udongo chini ya maji na vingine havijengi. Kwa sababu hiyo inagusa hesabu za kaboni, tathmini za mazingira na urejeshaji wa makazi ya samaki.

Istilahi za msingi: mwani wa kijani, mageuko, nyasi bahari, mikoko, Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua katika Ghuba ya Palma, bahari huacha wazi uwanda mpana wa mchanga, matope na mawe ya matumbawe. Wanawake na watoto huteremka na vikapu kutafuta pweza, chaza na kombe. Wanakokanyaga ni kijani kitupu: majani marefu yaliyolala upande mmoja kufuata mkondo, vikonyo vyenye vitufe kama zabibu mbichi, vipande vigumu vya kijani vilivyounganika kama shanga, na utando mwepesi unaoteleza juu ya mawe. Katika Kiswahili cha kila siku, karibu vyote hivyo huitwa mwani.

Jina hilo moja linatosha kwa mvuvi anayelalamika kwamba nyavu zake zimejaa. Halitoshi kwa mtaalamu anayeandika tathmini ya mazingira, wala kwa mshauri anayeulizwa ni hekta ngapi za pwani zinahifadhi kaboni. Chini ya neno hilo kuna angalau nasaba tatu zilizotengana zamani mno. Mmojawapo wa viumbe hao wa uwandani ni ndugu wa karibu wa mnazi ulio ufukweni kuliko wa jirani yake anayemgusa majini.

Inafaa kutaja pembeni kwamba eneo hili lina mtego mwingine wa lugha. Wamwani, ambao lugha yao ya Kimwani huzungumzwa katika Visiwa vya Quirimbas na miji ya pwani kama Mocímboa da Praia na Ibo, hawakupewa jina kutokana na mmea wa baharini. Jina lao linahusishwa na neno lenye maana ya pwani. Kaskazini zaidi, Palma na kuelekea mdomo wa Mto Ruvuma, huzungumzwa pia Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, na nyaraka za serikali huandikwa kwa Kireno. Ng'ambo ya mto ni Mtwara, ambako bahari ile ile inasimamiwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Tangu Agosti 2019, Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, suala la istilahi zake za kisayansi limekuwa suala la kiutendaji kwa pande zote mbili za mto huo.

2.0 Kijani Kimoja, Matawi Mawili

Mimea yote ya kijani, kuanzia mwani wa seli moja hadi mbuyu, ina asili moja. Seli ya kale iliimeza bakteria yenye uwezo wa usanisinuru, na badala ya kuiyeyusha ikaishi nayo. Bakteria hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa kloroplasti. Kutokana na tukio hilo yalitoka makundi ya mwani mwekundu na mwani wa kijani. Mwani wa kijani, pamoja na mimea yote ya nchi kavu, hutambulika kwa kuwa na klorofili a na b kwa pamoja na kwa kuhifadhi wanga ndani ya kloroplasti yenyewe.

Ni vyema kusema mapema kwamba mwani unaolimwa na kuuzwa katika ukanda huu si wa kijani kinasaba, hata pale unapoonekana wa kijani machoni. Eucheuma na Kappaphycus, ambazo kilimo chake kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ni mwani mwekundu. Utafiti wa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndio uliofungua njia ya kilimo hicho, na leo hii kinaendeshwa zaidi na wanawake. Kwa hiyo mkulima wa mwani wa Mtwara na mchumaji wa pweza wa Palma wanashughulika na viumbe ambavyo, kwa nasaba, viko mbali sana na kila jani la shambani.

Ndani ya kijani chenyewe kuna mpasuko wa kale ulioleta matawi mawili makuu. Tawi la kwanza ni Klorofita, na ndimo umo karibu mwani wote wa kijani unaoonekana kwa macho baharini. Tawi la pili ni Streptofita, lenye mwani wa maji baridi na wa udongoni, na ndani yake mimea yote ya nchi kavu. Mpasuko huo ni wa zamani kiasi gani? Mwaka 2020 watafiti walitangaza visukuku vya mwani wa kijani kutoka kaskazini mwa China, vilivyopewa jina Proterocladus antiquus, vyenye umri wa takriban miaka bilioni 1. Kiumbe hicho kilikuwa na matawi na kilishikilia sakafu ya bahari, na waandishi wake walikiweka katika Klorofita. Tafsiri hiyo ikiwa sahihi, matawi mawili ya kijani yalikuwa yamekwisha kuachana kabla ya hapo.

Uwanda wa Palma una mifano mizuri ya tawi la kwanza. Ulva ni utando laini wenye unene wa seli mbili tu. Halimeda ni ile yenye vipande bapa vilivyoungana kama shanga. Hujijazia chokaa mwilini, na ikifa huvunjika na kuwa sehemu ya mchanga mweupe unaosifiwa na watalii. Codium ni laini kama sifongo. Hata hivyo, wa kushangaza zaidi ni Caulerpa. Ina shina linalotambaa, vitu vinavyofanana na mizizi vinavyoingia mchangani, na vingine vinavyofanana na majani au zabibu vinavyosimama juu. Mtu yeyote angeiita mmea. Lakini mwili wake wote, hata unapofikia urefu wa mita moja au zaidi, ni seli moja yenye viini vingi visivyotenganishwa na kuta. Shina, jani na mzizi wake si viungo kwa maana ya viungo vya mhindi; ni maumbo ya seli moja.

Kando yake, mara nyingi katika hatua ile ile moja, huota Thalassia hemprichii, mojawapo ya nyasi bahari. Nayo ina shina litambaalo, mizizi na majani. Umbo linafanana, nasaba haifanani hata kidogo. Thalassia hutoa maua, huchavushwa chini ya maji na huzaa tunda lenye mbegu. Mtu anayetegemea umbo peke yake atawaweka hawa wawili katika kapu moja, na kuwatenga wote na mnazi. Mnazi na Thalassia wanapaswa kuwa pamoja, kwa kuwa wote wawili ni mimea ya maua yenye ghala moja la chakula katika mbegu, na Caulerpa ndiyo mgeni.

3.0 Ndugu wa Maji Baridi

Kwa muda mrefu picha ya kimazoea ilikuwa kwamba mwani wa baharini ulitupwa ufukweni na maji, ukastahimili jua, na taratibu ukapanda nchi kavu. Picha hiyo ina mvuto kwa mtu aliyekulia pwani. Ushahidi haukuiunga mkono.

Dalili ya kwanza yenye nguvu ilitokana na jinsi seli zinavyogawanyika. Mwaka 1972 Jeremy Pickett-Heaps na Harvey Marchant walipendekeza mpangilio mpya wa mwani wa kijani kwa kuzingatia yaliyoonekana chini ya hadubini ya elektroni. Katika seli ya mmea wa nchi kavu, kiini kikishagawanyika, ukuta mpya hujengwa kuanzia katikati kwenda pembeni, juu ya jukwaa la nyuzi nyembamba zilizosimama kati ya viini viwili. Katika mwani mwingi wa kijani seli hubanwa kutoka nje kuelekea ndani, kama mfuko unaofungwa kwa kamba. Lakini katika Chara na Coleochaete, mwani wa maji baridi, jukwaa lile la mimea lilionekana waziwazi. Baadaye dalili nyingine ziliongezeka: vimeng'enya vinavyofanya kazi mahali pale pale ndani ya seli, mitambo ya kutengeneza selulosi iliyopangwa kwa umbo la waridi lenye pembe sita, na mbegu za kiume zenye muundo unaofanana na wa mimea isiyo na maua.

Swali lililobaki ni nani hasa katika kundi hilo aliye ndugu wa karibu kupita wote. Hapa wataalamu walikosea kwa njia yenye mafunzo. Chara ina mwili mkubwa, wenye pingili na matawi yanayozunguka shina. Ina yai kubwa lililofunikwa na seli za kulilinda. Kwa macho inakaribia kuwa mmea. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa na Kenneth Karol na wenzake mwaka 2001 uliiweka Chara na jamaa zake jirani na mimea. Ilionekana kama historia yenye mantiki: mwili unazidi kuwa tata hatua kwa hatua, kisha unapanda nchi kavu.

Takwimu zilipoongezeka, hadithi ilibadilika. Tafiti zilizofuata kuanzia mwaka 2011, zikithibitishwa na mradi mkubwa uliolinganisha jeni zinazofanya kazi katika spishi zaidi ya 1,000 za kijani na kuchapishwa mwaka 2019, ziliweka kundi jingine katika nafasi hiyo: Zignematofisea. Hili ni kundi la mwani wenye mwili sahili kabisa. Baadhi ni seli moja moja. Wengine, kama Spirogyra, ni nyuzi zisizo na matawi, zile zinazoonekana kama utando wa kijani unaoteleza katika majaruba ya mpunga na madimbwi yaliyotulia. Hawana hata mbegu za kiume zinazoogelea. Seli mbili hukaribiana, hutengeneza daraja, na kilichomo katika moja huhamia kwa nyingine.

Kwa maneno mengine, ndugu wa karibu zaidi wa mvule si Chara yenye umbo la mmea, bali uzi unaoteleza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba babu wa pamoja alikuwa tata kuliko Spirogyra ya leo, na ukoo huu ukapoteza baadhi ya sifa zake kadiri ulivyozoea maisha yake. Mageuko si ngazi ya kupanda tu, na hapa ushahidi uko wazi kuliko kawaida.

4.0 Dimbwi Linalokauka

Kwa nini maji baridi? Bahari ni mahali pa utulivu kwa seli. Chumvi haibadiliki sana, joto hubadilika polepole, na maji hayaishi. Dimbwi dogo ni kinyume chake. Katika kaskazini ya Cabo Delgado mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na baada ya hapo ardhi tambarare ya nyuma ya pwani, kuanzia maeneo oevu ya msimu ya Rasi ya Afungi hadi mabonde ya Nangade kuelekea Mto Ruvuma, huanza kukauka. Maji hupungua, joto hupanda mchana, jua hupenya hadi chini, na mwishowe hubaki tope lililopasuka. Kiumbe kinachoishi hapo kina chaguo mbili: kustahimili ukavu, au kufunga kizazi chake ndani ya kifuko kigumu na kusubiri mvua.

Mwani wa Streptofita hufanya yote mawili. Zigoti za Zignematofisea na za Chara hujifunika kuta nzito zinazoweza kukaa katika tope kavu kwa muda mrefu. Kuta hizo zina kemikali za ukinzani zilizo za aina moja au jirani na ile inayolinda chavua na spora za mimea. Jenomu zimeongeza undani. Jenomu ya Klebsormidium, mwani wa udongoni, ilichapishwa mwaka 2014. Ya Chara braunii ilifuata mwaka 2018. Na mwaka 2019 zikaja mbili za Zignematofisea wanaoishi karibu na nchi kavu, Spirogloea muscicola na Mesotaenium endlicherianum. Humo zilikutwa familia za jeni ambazo mimea ya leo huzitumia kukabili ukame. Baadhi yake zinaelekea kuwa zilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni, kwa kuhama kutoka kiumbe hadi kiumbe na si kwa kurithiwa. Miongoni mwake ni familia inayohusiana na vipokezi vya homoni inayoamuru jani lifunge vitundu vyake maji yanapopungua.

Jambo hili linastahili kukaziwa. Zana za kuishi nchi kavu zilianza kukusanywa kabla ya nchi kavu kukaliwa na mimea. Dimbwi linalokauka lilikuwa chuo, na mimea ilipotoka humo ilikuwa tayari na sehemu kubwa ya vifaa.

Kilichokuwa kipya kabisa kwa mimea ya nchi kavu ni kiinitete. Katika mwani wa Streptofita, yai likisharutubishwa hugawanyika mara moja kwa namna ya kupunguza kromosomu, na kizazi chenye seti mbili za kromosomu huishia kwenye seli ile moja. Katika mimea, zigoti hubaki ndani ya mama, hulishwa naye, na hukua kuwa mwili mzima wenye seti mbili kabla ya kutoa spora. Frederick Orpen Bower alijenga hoja ya namna hii mwaka 1908, kwamba mwili huo ni kitu kilichoongezwa katikati ya mzunguko wa maisha. Linda Graham, aliyechunguza Coleochaete, alionesha kwamba hata katika mwani huo zigoti hubaki imeshikamana na mama na kufunikwa na seli zake. Kwa hiyo hata malezi hayo yalikuwa na mwanzo wake majini.

Visukuku vinaipa simulizi hii tarehe. Spora zinazodhaniwa kuwa za mimea ya kwanza ya nchi kavu zimepatikana Argentina katika miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 470. Katika miamba ya Rhynie, Uskoti, yenye miaka milioni 407 hivi, mimea midogo imehifadhiwa ikiwa na mishipa, vitundu vya kupumulia na kuvu waliokuwa wakiishi ndani ya seli zake. Kutoka hapo hadi misitu ya pwani ya Ruvuma, yenye miti isiyopatikana kwingineko duniani, ni safari ndefu, lakini ni ya ukoo mmoja.

Ukoo huo haukuwa peke yake katika kutoka majini. Klorofita nao walijaribu, zaidi ya mara moja. Trentepohlia, jamaa wa mbali wa Ulva, huota juu ya magome ya miti na kuta zenye unyevu. Rangi yake ni ya machungwa kwa sababu ya karotini inayofunika klorofili, na wengi hudhani ni kutu au kuvu. Jamaa yake Cephaleuros huishi juu ya majani ya michai, miembe na mikorosho na kuyatia madoa ya rangi ya kutu. Mkulima wa korosho wa Palma anaweza basi kusumbuliwa shambani na mwani wa kijani halisi, ilhali "mwani" unaomkwaza mkewe uwandani, ikiwa ni Thalassia, si mwani hata kidogo.

5.0 Waliorejea Baharini

Nyasi bahari zimetoka katika oda ya Alismatales, ambayo ina mimea mingi ya maji baridi. Ushahidi wa nasaba unaonesha kwamba zilirejea baharini angalau mara tatu tofauti. Pwani ya kaskazini ya Msumbiji ni tajiri kwa mimea hiyo: pamoja na Thalassia, kuna Thalassodendron ciliatum yenye mashina magumu ya kimti, Cymodocea, Halodule, Halophila, Syringodium, na Enhalus acoroides yenye majani marefu kupita zote. Salomão Bandeira wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane amezichunguza kwa miongo kadhaa.

Gharama ya kurejea inasomeka katika jenomu. Jenomu ya Zostera marina, nyasi bahari ya bahari za kaskazini, ilichapishwa mwaka 2016. Mmea huo umepoteza jeni zote za kutengeneza vitundu vya majani, kwa kuwa chini ya maji havina kazi. Umepoteza pia jeni za baadhi ya homoni zinazosafiri kwa hewa. Kwa upande mwingine, kuta za seli zake zimepata tena sukari zenye salfati, aina ya kemikali inayojulikana zaidi kwa mwani wa baharini. Mmea uliotoka katika maji baridi, ukaishi nchi kavu, sasa umebuni upya jibu la mwani kwa tatizo la chumvi. Kufanana kwake na mwani ni kwa kazi, si kwa damu.

Mikoko nayo haikutokana na ukoo mmoja. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, pamoja na mkandaa, ni wa familia moja. Mchu, Avicennia marina, ni wa familia nyingine ya mbali. Mlilana, Sonneratia alba, nyingine tena. Kila ukoo ulivumbua kivyake njia ya kuishi katika matope yasiyo na hewa. Mikoko ya mdomo wa Ruvuma iko pande zote mbili za mpaka. Upande wa Tanzania iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Kitu ambacho waliorejea hawakukipoteza ndicho chenye uzito kwa sera: mizizi ya kweli, mashina ya chini ya ardhi, mishipa, na kwa viwango tofauti lignini. Nyasi bahari hupunguza kasi ya maji, hukamata chembe za tope, na huacha mizizi na mashina yake yafe palepale, ndani ya matope yasiyo na oksijeni ambamo kuoza ni kwa polepole. Baada ya karne nyingi kinachokuwa chini ya majani ni tabaka la udongo wenye kaboni. Caulerpa na Halimeda hushika mchanga kwa nyuzi zao, na Halimeda huchangia mchanga wenyewe, lakini hawajengi zulia la mizizi iliyokufa. Urithi wa nchi kavu ndio unaofanya kazi hiyo.

6.0 Nasaba katika Hesabu na Maamuzi

Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, katika nyongeza yake ya mwaka 2013 kuhusu maeneo oevu, liliweka taratibu za kukokotoa gesi joto kwa mikoko, mabwawa ya chumvi ya mawimbi na nyasi bahari. Mwani haumo. Si kwa kuwa mwani hauna kaboni; sehemu yake huchukuliwa na mikondo na kuzama kilindini, na mjadala wa kisayansi juu ya kiasi chake unaendelea. Tatizo ni kwamba kaboni hiyo haikai pale mwani ulipoota, kwa hiyo nchi ni vigumu kuidai kama akiba ya eneo fulani. Ramani ya pwani inayoweka kijani chote chini ya neno moja itaongeza au kupunguza akiba hiyo bila mwandishi wake kujua. Picha za setilaiti zinaweza kufanya kosa hilo hilo, maana nazo huona rangi kwanza.

Msumbiji ina sababu za kulitazama jambo hili kwa makini. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliundwa mwaka 2002, na mwaka 2018 eneo hilo likatambuliwa na UNESCO kuwa hifadhi ya bayongahewa. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo tarehe 25 Aprili 2019. Mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yaliwahamisha watu wengi na kufanya utafiti wa uwandani kuwa mgumu. Miradi ya gesi ya Afungi, inayohusisha mabomba kutoka kilindini hadi nchi kavu, ilisimama na kuacha maswali ya mazingira yakiwa wazi. Katika hali kama hiyo, uwanda wa maji kupwa huwa ghala la chakula la waliopoteza mashamba na mashua, na kila hekta ya nyasi bahari ina wategemezi wengi kuliko ilivyokuwa. Utafiti wa Fiona Gell na Mark Whittington katika nyasi bahari za Quirimba, uliochapishwa mwaka 2002, ulirekodi zaidi ya spishi 200 za samaki, na wavuvi wa huko huzitegea marema na nyavu za kukokota juu ya nyasi hizo hizo.

Suala la pili ni kilimo cha mwani, ambacho mara kwa mara hupendekezwa kama kipato mbadala kwa wanawake wa pwani. Ni pendekezo la maana. Lakini mashamba hupangwa katika maji mafupi yenye utulivu, ambako ndiko nyasi bahari zinakoota, na tafiti za Ghuba ya Chwaka, Zanzibar, zilionesha kwamba nyasi bahari hupungua chini ya mashamba hayo kutokana na kivuli, kukanyagwa na kung'olewa. Afisa anayeamini kwamba kinachoondolewa na kinachopandwa vyote ni mwani hataona hasara yoyote. Kwa nasaba, anabadilisha mmea wa maua wenye mizizi kwa mwani mwekundu usio na mizizi. Kwa uchumi wa nyumbani, huenda anabadilisha kitoweo kwa fedha taslimu. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi, mradi uwe umefanywa kwa kujua.

Kuhusu istilahi, njia nyepesi ni kuacha mwani ubaki jina la mwani, kwa rangi zake tatu, na nyasi bahari iwe jina la mimea ya maua, kama ambavyo waandishi wengi wa Tanzania wanavyofanya sasa na kama Kireno kinavyotenganisha maneno yake mawili. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mahojiano na wavuvi. Mhojaji asiulize kama kuna mwani. Aulize kama kina mizizi inayong'olewa kwa nguvu, kama kiliwahi kuonekana kikiwa na ua au tunda, na kama kikikauka hubaki na nyuzi. Wachumaji wa pweza wana majibu ya maswali hayo yote.

Yamebaki madimbwi. Tathmini za pwani hii huelekeza macho baharini na msituni, na maeneo oevu ya msimu hupata aya chache, mara nyingi juu ya ndege na vyura. Ndugu wa karibu wa mimea yote hawana mtetezi katika orodha hizo. Hawana umbo la kuvutia, na mtafiti akifika kiangazi, wakati barabara zinapitika, atakuta tope kavu na kuandika kwamba hakuna kitu. Lipo jibu rahisi lisilosubiri usalama wala barabara ya masika. Tope la juu la dimbwi, kiasi cha kujaza kikombe, likikusanywa likiwa kavu na kuandikwa mahali lilipotoka, linaweza kupelekwa Pemba, Mtwara au Maputo, kulowekwa kwa maji safi ndani ya chombo cha kioo na kuwekwa dirishani. Spora zilizokuwa zikisubiri mvua huota katika wiki chache, na hadubini ya kawaida ya shule inatosha kutenganisha Chara na Spirogyra.